Paka Aliyelala Chini ya Jambon

Siku Mama Victorine alipogombana na muuza duka wa mtaa wa Mususa, Butembo, kwa ajili ya saucisson, soseji ya kukaushwa, Mardochée alikuwa amesimama nyuma yake akijifanya anachagua viberiti.

Saucisson yenyewe ilikuwa moja tu katika duka zima, nyembamba kama kidole cha mgonjwa, na umri wake alikuwa anaujua Mungu. Bei yake ilikuwa inakaribia mbuzi.

"Na fromage?" Mama Victorine aliuliza, maana hata jibini hakuiona.

"Fromage, Mama, tangu barabara ya kusini ilifungwa, tunaionaka kwa simu tu."

"Mais papa, miye niko na bageni! Directeur anatoka Kinshasa mwisho ya mwezi. Nitamupa nini kwa apéritif, mbele ya chakula?"

"Karanga iko muzuri. Ya kukaanga."

"Karanga!" Mama Victorine alilitamka neno hilo mara mbili, kisha akatoka nje bila kununua kitu, macho yamemlowa.

Mardochée alikuwa amesikia maneno matatu: bageni, Directeur, Kinshasa. Akarudisha viberiti mahali pake, akakaza kola ya veste, koti lake jeupe, akamfuata.

Lazima niwaambie huyu Mardochée ni nani, maana yeye mwenyewe angewaambia vingine. Aliwahi kufanya kazi hotelini Bunia kwa miezi mitatu, akiosha sahani, na tangu hapo akajiita Maître. Mwaka juzi alikodisha viti vya kanisa moja kwa harusi mbili za siku moja, saa moja, na mabibi harusi wawili walikutana mlangoni kila mmoja akidai viti vyake. Mali yake yote duniani ilikuwa pikipiki nyekundu, ambayo kila asubuhi aliiosha kabla hajanawa uso. Mwizi hakuwa. Alikuwa anasaidia tu vitu vihame kutoka kwa watu wasiovitunza.

"Madame, samahani," alisema. "Nimesikia bila kusikiliza. Miye ni Maître Mardochée, fundi ya jambon na fromage."

"Huku Butembo?"

"Huku njo fasi yenyewe! Kinshasa ba-patron hapana nunua saucisson ya duka. Banatundika jambon kwabo nyumbani. Paja ya ngombe, chumvi, pilipili, na kupumzika. Kupumzika njo kazi yote. Na hapa kwetu iko baridi ya Ulaya, Madame, na hakuna mutu anakuuliza visa."

Mama Victorine akacheka, na mtu akishacheka amekwisha kufungua mlango nusu.

Mama huyu alikuwa mtu wa Kananga. Mume wake, Urbain, ni mkuu wa ofisi moja ya serikali, na miaka minne ilikuwa imepita tangu waletwe huku kikazi. Watoto wao wawili walibaki Kananga kwa bibi yao. Yule wa mwisho aliachwa na mwaka mmoja, siku hizi akipewa simu anamwambia mama yake, "Bonjour Madame." Kila akisikia hivyo Mama Victorine anajibu kwa sauti ya furaha, kisha anakwenda kukaa jikoni peke yake. Barua ya kuwahamisha ilikuwa imeandikwa zamani. Ilibaki saini ya Directeur, na kila mtu wa ofisi alijua kwamba Directeur husaini akiwa ameshiba, tena si kwa bugali. Alikuwa amesema kwa kinywa chake kwamba amechoka kupewa bugali saa tano ya asubuhi katika kila mji wa Kongo. Alitaka vitu vidogovidogo, kama vya wenyewe.

"Unataka pesa ngapi?" Mama aliuliza.

"Pesa?" Mardochée akaonekana ameumia. "Tupashwe kuongea pesa mbele ya kazi? Uninunulie tu paja mbili kwa Maulidi pale marché, chumvi mingi, asali ya Mutwanga, na chupa moja ya whisky."

"Whisky ya nini?"

"Nyama inakunywa."

"Chupa muzima?"

"Iko na kiu, Madame."

Jumamosi mapaja mawili yalifika kwa Mama Victorine, makubwa, bado yana kamba za bluu ambazo Maulidi mchinjaji hufungia nyama yake. Mardochée alikuja na magunia mawili mazito juu ya pikipiki, akasema ni vifaa. Agar, mama mjane aliyekuwa akipika katika nyumba hiyo, alijitolea kumsaidia.

"Hapana, mama! Mutu asiingie kwa dépôt. Pumzi ya mutu inaozesha jambon."

"Na weye hapana pumua?"

"Miye nilisomea."

Akajifungia katika dépôt, ile ghala ndogo ya nyumba. Agar alimsikia akihema, akisukuma, akiimba nyimbo za kanisa. Baada ya saa moja alitoka na magunia yake mawili, bado mazito, akafunga mlango taratibu kama mtu aliyemlaza mtoto. Ndani, kutoka kwenye boriti, vilining'inia vifurushi viwili vilivyozungushiwa kitambaa cheupe, vikidondosha maji katika beseni.

"Inalia," Mardochée alieleza. "Jambon muzuri inalia kwanza. Na itapungua. Musiogope. Ikipungua nusu, njo bei inapanda."

Hapo hakusema uongo, na hapo ndipo ujanja wake ulipokuwa. Nyama ya kukaushwa kwa chumvi hudondosha maji na hupungua kweli. Lakini shina la mgomba nalo, ukilikata, likafungwa kitambaa na kutundikwa, hudondosha maji na hupungua vilevile. Siku ileile mapaja ya Mama Victorine yalikuwa yanakwenda Beni ndani ya magunia, na mashina mawili ya mgomba yalikuwa yanalia ndani ya dépôt.

Kule Beni Mardochée alimpata mnunuzi mara moja. Hadidja ni mwanamke wa familia ya wafanyabiashara Waislamu, na nyuma ya nyumba yake ana kibanda cha kukaushia nyama, ambayo madereva wa safari ndefu hubeba kwa sababu haiharibiki. Aliyatazama mapaja, akashika zile kamba za bluu kwa vidole viwili.

"Iko halali," alisema. "Ninaona."

Akalipa. Mardochée, kwa furaha, hakujiuliza mtu anaonaje kwa kutazama paja kwamba ng'ombe amechinjwa kwa halali.

Kila Ijumaa alirudi Mususa kuangalia kazi. Alijifungia na chupa, akakaa robo saa, akatoka na macho mekundu akisema nyama imekunywa. Wiki ya pili nyama ikataka whisky nyingine. Wiki ya tatu ikataka kuku, eti mafuta yake yapakwe nje ya kitambaa, na kuku huyo akaliwa hadi mifupa na nyama yenye meno. Mama Victorine alichungulia kwa tundu la ufunguo, akaona vifurushi vimesinyaa kweli, akapiga simu Kananga kuwaambia watoto kwamba mambo yanaendelea vizuri.

Watu husema siku za mwizi ni arobaini. Mardochée alikuwa ameamua kuondoka siku ya ishirini na saba.

Katika nyumba hiyo kulikuwa na paka. Jina lake lilikuwa Ministre, kwa sababu alikula kila siku na hakuna aliyewahi kumwona kazini. Ministre aliwahi kutoa samaki ndani ya sufuria iliyokuwa motoni. Alijua kufungua komeo la jikoni kwa mguu. Jumanne ya wiki ya nne, Agar aliacha ufagio, akaenda kusimama mbele ya Mama Victorine.

"Madame, Ministre analalaka wapi siku hizi?"

"Kwa dépôt. Anaingilia kwa dirisha."

"Fasi gani ya dépôt?"

Mama akafikiri. "Chini ya jambon."

"Wiki tatu, Madame. Analala chini ya nyama wiki tatu. Na hata hapana angalia juu."

Walitazamana. Kisha wakakimbia wote wawili, Mama mbele, akapanda juu ya kiti na kisu mkononi, akapasua kitambaa. Ministre alifungua jicho moja, akaliona shina la mgomba ambalo yeye alikuwa analijua tangu zamani, akalala tena.

Mama Victorine aliteremka akaketi juu ya gunia la chumvi, akalia. Hakulilia nyama. Alimlilia yule wa mwisho, wa Bonjour Madame, na siku nne zilizobaki. Agar alimshika bega akasema waitwe askari. "Tuite basoda, Madame."

"Halafu? Nitamutilia Directeur mwizi kwa sahani?" Akapangusa uso. "Shona kile kitambaa. Vile ilikuwa, vilevile. Mutu asijue."

Kesho yake asubuhi alikuwa sokoni mbele ya meza ya Maulidi. Aliuliza kama nyama inaweza kugeuka mgomba. Maulidi aliposikia habari yote aliweka panga chini, akacheka mpaka akashika meza.

"Paja mbili? Na kamba ya bluu? Mama, dada yangu Hadidja alinipigia simu siku ileile! 'Kaka, niko na nyama yako huku Beni, mutu moja ya veste nyeupe ameleta.' Nilizani weye njo ulimutuma."

Mama Victorine akaomba namba ya Hadidja. Wanawake hao wawili hawakuwahi kuonana. Waliongea dakika ishirini, wakacheka mara mbili, na waliyosema mimi sikualikwa kuyasikia.

Alhamisi Mardochée alikuja kuiaga whisky. Alikuta kiti kimetolewa, chenye mto.

"Maître, keti. Directeur amepiga simu!" Mama Victorine alikuwa amevaa uso wa sikukuu. "Nilimuambia: tuko na mutu anafanya jambon ya nyumbani. Akaniuliza, huyo mutu iko na bibi? Anaweza kuhama?"

"Kuhama kwenda wapi?"

"Kinshasa! Anatafuta mupishi kwa residence yake. Nyumba, mushahara, uniforme. Siku ya tatu ndege inarudi, na iko kiti moja bure. Kiti moja, Maître."

Mardochée, aliyekuwa amewauzia watu ndoto miaka kumi na mbili, hakuitambua ndoto alipouziwa. Alijiona tayari amevaa kofia ndefu, anapita Kinshasa na watu wanampisha.

"Kitu kimoja tu," Mama aliendelea. "Unajua desturi ya huku. Mutu akiwa amepika, anaonja wa kwanza mbele ya bageni, juu ya karuho, ile sumu ya kwa chakula. Directeur anaogopa sumu kupita kila kitu. Donc utakata jambon mbele ya bote, utakula, halafu beye bataanza."

Mardochée akasogeza mto wa kiti.

"Na kama... tuseme mupishi anagonjwa siku ile?"

"Ah, Maître! Mupishi anakimbia mbele ya kuonja, weye ni mutu ya huku, batu batasema nini?"

Alijua watasema nini. Mpishi anayekimbia sahani yake mwenyewe ameweka sumu. Mtaa mzima utamtafuta kabla askari hawajavaa viatu. Agar alitokea jikoni, akampiga picha kwa simu. "Ya souvenir," alisema.

Basi hakuweza kukimbia, na hata angeweza, kile kiti kimoja cha ndege kilikuwa kimemshika shati. Ilibaki njia moja: nyama ya kweli, iliyokauka kweli, kabla ya Jumamosi. Na katika nchi yote hii alijua kibanda kimoja tu.

Ijumaa kabla ya saa mbili ya asubuhi alikuwa Beni.

"Nyama ya wiki tatu?" Hadidja alisema. "Iko. Ngombe ya Mususa, mapaja mbili. Nilitoa mifupa, nikatia chumvi, vitunguu saumu, moshi kidogo. Ni kama unaijua?"

"Nyama yote inafanana, mama," Mardochée alijibu haraka. "Bei?"

Hadidja hakutaja bei. Alitazama mlangoni, ilipoegemezwa pikipiki nyekundu, ikimeremeta.

"Ile."

"Mama Hadidja! Ile ni roho yangu!"

"Basi kwenda na roho yako. Nyama itabaki."

Akazunguka ua mara tatu. Akashika usukani, akauachia. Akakumbuka kiti.

"Tuseme ninaiacha tu," alisema mwishowe. "Nitaikomboa nikipata mushahara ya Kinshasa."

"Njo vile. Ni amana. Na fromage?"

Alikuwa amesahau jibini kabisa. Hadidja alimpa dumu la maziwa na ndimu kumi. "Miye hapana muda. Utafanya weye mwenyewe, nitakuonyesha."

Hivyo Maître, fundi wa jibini, siku hiyo alitengeneza jibini kwa mara ya kwanza. Alipasha maziwa mpaka yakaanza kupanda. Alikamua ndimu, akakoroga polepole, akaona maziwa yanajitenga, mabonge meupe huku na maji ya kijani huku. "Usikoroge kama bugali!" Hadidja alimfokea. "Polepole! Inavunjika!" Akachuja kwa kitambaa, akatia chumvi na pilipili, akakunja, akaweka jiwe juu. Kufikia saa tisa alikuwa na vipande vitatu vigumu vya kukatika kwa kisu. Alivibonyeza kwa kidole zaidi ya ilivyohitajika. Kisha akapanda nyuma ya pikipiki ya mtu mwingine, nyama mapajani, na kurudi Butembo akimwambia dereva kila kona jinsi ya kuendesha.

Jumamosi asubuhi Mama Victorine, kwa bahati nzuri sana, alikuwa ametoka, na dépôt ilikuwa wazi. Mashina yakashuka, nyama ikapanda. Ministre aliyekuwa amelala chini alisimama. Akatazama juu. Ilibidi Agar amfungie chumba cha kulala, ambako alilia kwa sauti ambayo nyumba hiyo haikuwahi kuisikia.

Ndege ndogo ilitua kiwanja cha Rughenda saa nne. Kabla ya saa sita wageni hamsini walikuwa uani. Mardochée alikata nyama nyembamba hadi mwanga ukapita, nyekundu ndani kama divai. Akaikunja, akaweka kipande cha jibini na kipande cha nanasi, akachoma yote kwa kijiti. Directeur, mtu mnene mwenye mashaka, alikunja mikono.

"Maître," Mama Victorine alisema kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Tunakungojea."

Mardochée akala. Mzee mmoja akatoa saa. Kwetu mtu akionja, hapewi dakika moja tu, anaangaliwa. Mardochée alitafuna, akaangaliwa, akameza, akaangaliwa. Na katikati ya kuangaliwa huko alishangaa mwenyewe, maana ilikuwa tamu. Chumvi ilifika kwanza, moshi ukafuata, jibini ikatuliza, nanasi likafunga. Katika maisha yake ilikuwa mara ya kwanza kitu alichoahidi kuwepo kwenye sahani. Macho yakamjaa, na Directeur akauliza kwa hofu kama ndiyo sumu.

"Hapana, patron," alisema. "Ni muzuri tu."

Directeur alikula kijiti kimoja kwa heshima, cha pili kwa haraka, na baada ya cha tisa aliacha vijiti akatumia vidole. Saa nane aliomba kalamu. Urbain, ambaye miaka minne alitembea na kalamu tatu mfukoni kwa ajili ya siku hiyo, alishindwa kupata hata moja, na Mama Victorine akatoa yake kifuani.

Jumatatu asubuhi Mardochée alikuwa Rughenda kabla ya ndege kuwashwa, veste imepigwa pasi, sanduku mkononi, amekwisha kuaga watu wote aliowadanganya na wengine ambao hakuwahi kuwafikia. Directeur alimpita akielekea ndegeni.

"Patron, niko tayari!"

"Tayari ya nini?"

"Njo mupishi wetu, Directeur," Mama Victorine alisema, akitokea nyuma na sanduku lake. "Amekuya kuniaga. Ni mutu ya heshima."

Mume wake alikuwa anabaki wiki mbili kukabidhi ofisi. Yeye alikuwa anatangulia kwa watoto. Ile ahadi ya kiti kimoja bure haikuwa uongo. Ilikuwa tu kiti chake. Mardochée alitazama sanduku lake, akatazama la mama, na polepole akaanza kuelewa.

Mama Victorine akamkabidhi kifurushi cha kitambaa cheupe. "Hii ya njia, Maître. Usifungule mbele ndege iruke. Pumzi ya mutu inaozesha."

Alipanda ngazi bila kugeuka. Jioni ile angefika Kinshasa, na siku mbili baadaye Kananga, kumfundisha mtoto mmoja neno lingine badala ya Madame.

Ndege ilipoinuka, Mardochée alifungua. Lilikuwa shina la mgomba, limekauka, limepungua nusu. Mwenyewe alikuwa amesema ikipungua nusu bei inapanda.

Alifika Beni saa nane, vumbi hadi kwenye nyusi. Pikipiki yake ilikuwa uani kwa Hadidja, imeoshwa.

"Mama, nimekuya kuchukua amana yangu."

"Mushahara ya Kinshasa iko wapi?"

Mardochée akageuza mifuko yake nje. Hadidja akamtupia aprone, vazi la kupikia.

"Directeur ameagiza jambon kumi na mbili, ya kwabo Kinshasa. Mama Victorine njo aliniletea hiyo kazi. Utatia chumvi, utageuza, utafanya fromage kila siku ya pili. Jambon ya kumi na mbili ikiisha, chukua pikipiki yako. Mikono yako iko muzuri, papa. Niliona vile ulibonyeza ile fromage."

Mardochée akafunga aprone, akaingia kibandani, akafunga mlango nyuma yake kwa mazoea.

Ndani, chini ya nyama, alikuwa ameketi paka wa Hadidja. Kichwa chake kilikuwa kimeinuka, shingo imenyooka, macho juu, wala hakugeuka kuona nani ameingia.